Nilishindwa kulipa mkopo, je, HR ataona? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kumi na mitatu nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili hapa Dar, kwanza kwenye ofisi moja ya Posta, kisha kwenye kampuni ya Mikocheni. Swali la madeni haliulizwi mezani hata siku moja. Linakuja kwenye korido wakati mtu anarudishiwa vyeti vyake, au saa nne usiku kwa WhatsApp: "Samahani kaka, kuna jambo linaninyima usingizi, ila libaki kati yetu." Nimeyakusanya hapa. Utaona jambo moja likijirudia: watu wanaogopa deni ambalo hakuna atakayeliona, na wanalisahau lile ambalo mwajiri ataletewa hadi mezani.

HR akiingiza namba yangu ya NIDA anaona madeni yangu yote?

Hapana. NIDA inamwambia wewe ni nani, haimwambii unadaiwa na nani. Taarifa za mikopo zinakaa kwingine. Benki na taasisi za mikopo hupeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata ya wakopaji ya Benki Kuu, BoT, kwa kanuni za mwaka 2012, na kampuni zenye leseni kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau huzichakata na kutoa ripoti. Ripoti hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mkopeshaji anayetaka kujua akupe mkopo au akunyime. Kiwanda cha Chang'ombe, shule ya Mbezi Beach au duka la jumla la Kariakoo hawana mlango wa kuingilia humo.

Benki ni suala la peke yake, kwa sababu yenyewe ni mwajiri na mkopeshaji kwa pamoja, kwa hiyo ufunguo inao. Lakini ufunguo wa kumkagua mteja siyo ufunguo wa kumkagua mwombaji kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeiweka miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, na kanuni yake ya msingi ni kwamba taarifa nyeti haziguswi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Ndiyo maana ukienda usaili wa benki unapewa karatasi usaini. Isome. Watu husaini karatasi ile kama wanavyosaini daftari la wageni getini.

Mbona nimesoma mtandaoni kwamba lazima nipeleke cheti cha CRB?

Umesoma ukurasa wa Kenya. Kule mwombaji wa kazi za serikali huambiwa alete cheti cha CRB, yaani cha kampuni za taarifa za mikopo, pamoja na vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya chuo), EACC (kupambana na rushwa) na DCI (polisi wa upelelezi). Kiswahili ni kimoja, mahitaji siyo. Soma tangazo la kazi lenyewe, na kama halijataja kitu hicho usiende kukitafuta.

Ni kazi zipi basi ambazo wanachimba habari za fedha?

Benki, bima na taasisi za mikopo. Nje ya hapo, nafasi zinazoshika fedha au mali: mhasibu, afisa ununuzi, mtunza stoo, hata dereva wa magari ya kusafirisha fedha. Ukipanda juu kabisa, wakurugenzi na mameneja wakuu wa benki hupitiwa na BoT yenyewe kabla ya kuidhinishwa. Serikalini kuna upekuzi kwa nafasi nyeti, na upekuzi ni mpana kuliko mikopo. Mashirika ya kimataifa ya Masaki na Oysterbay mara nyingi hukodi kampuni za nje za kukagua waombaji, nazo hutuma fomu ndefu ya mtandaoni inayouliza mpaka ulikoishi miaka mitano iliyopita.

Hoja yao ni kwamba mtu aliyebanwa na madeni akiwekwa karibu na sanduku la fedha atajaribiwa. Binafsi naona hoja hiyo imetiwa chumvi. Watu niliowashuhudia wakiondolewa kazini kwa wizi, wengi hawakuwa wanadaiwa na mtu. Lakini hoja ipo na inaandikwa kwenye sera za ajira, kwa hiyo jiandae nayo.

Na mkopo wa chuo? Sijalipa hata senti tangu nimalize.

Sasa tumefika kwenye deni lenyewe. Kama ulikopeshwa na Bodi ya Mikopo, mwajiri atajua. Sisemi huenda akajua. Sheria inamtaka atoe taarifa kwa Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, na akishathibitishiwa kuwa unadaiwa, anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Zamani ilikuwa asilimia 8. Hii ya 15 ilikuja na marekebisho ya 2016. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni livimbe kila mwaka huku unalipa, ilifutwa 2021.

Na hakuna HR anayeshtuka. Kwetu ni makato kama ya NSSF. Mimi mwenyewe nilikatwa kwa miaka na sikuwahi kuulizwa kwa nini. Sijawahi kuona mtu akinyimwa kazi kwa deni la Bodi, na nimeona wengi wakihangaika kulificha, mpaka mmoja akaandika kwenye CV kwamba aliishia kidato cha sita ili shahada isionekane.

Kinachowaumiza watu hapa ni hesabu. Mtu anakubali mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 akiwa na furaha, halafu mwezi wa kwanza anapiga simu kwa mhasibu akidhani kaibiwa. Toa NSSF asilimia 10, yaani 80,000. Kodi kwenye 720,000 iliyobaki ni 60,000. Bodi wanachukua 120,000. Unaondoka na 540,000, na chumba cha Sinza hakijui habari za makato. Fanya hesabu hiyo kabla hujasema "nimekubali", maana baada ya kusaini mkataba hakuna atakayekusikiliza.

Nilikopa kwenye programu za simu na kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kali). Zitaonekana?

Mkopo wa simu ambao nyuma yake kuna benki unaweza kuingia kwenye kanzidata kama mkopo mwingine wowote, hata ukiwa wa shilingi 20,000. Mama wa kausha damu wa mtaani kwenu, anayeandika majina kwenye daftari la kaunta, hayumo. Kikoba kwa kawaida hakimo. Programu zisizo na leseni nazo haziwezi kukupeleka popote. Mwezi Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali.

Lakini hapa siyo kanzidata ya kuogopwa, ni simu. Nakumbuka siku moja saa tano asubuhi. Namba ngeni, sauti ya mwanaume, kali, bila hata salamu: "Hapo ofisini kwenu kuna dada fulani, mwambieni alipe hela za watu." Dada mwenyewe alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, siku yake ya tatu kazini, anajaza fomu ya NSSF kwa herufi kubwa. Aliposikia jina lake linatajwa kwenye simu, kalamu ilisimama. Deni lilikuwa shilingi 85,000. Namba yangu waliitoa kwenye simu yake: siku aliyopakua ile programu aliiruhusu isome majina yote yaliyohifadhiwa, na mimi nilikuwemo kama "HR Mikocheni".

Nilimjibu yule jamaa kwamba sisi tunapokea barua yenye jina la kampuni, anuani na namba ya leseni. Hakupiga tena. Dada nilimwambia amalize kujaza fomu.

Siyo HR wote watajibu hivyo, nakiri. Kwa hiyo kama una deni la aina hiyo na unaanza kazi, ifute ruhusa ya majina kwenye simu yako, na kama unaona watapiga tu, mwambie HR mwenyewe kabla hawajapiga. Maneno mawili yanatosha: "Kuna watu wa mikopo wanaweza kupiga, nashughulika nao." Habari ikitoka kwako ni habari, ikitoka kwao ni kashfa. Kumtangaza mdaiwa kwa jamaa na waajiri wake ni jambo la kulalamikiwa BoT, ila hifadhi ujumbe wenyewe na namba iliyotumika, usiufute kwa hasira.

Cheti cha tabia njema cha polisi kitaonyesha kwamba nilidaiwa?

Hapana. Kile ni cha jinai, wanachukua alama za vidole na kuangalia kama una rekodi ya makosa. Kudaiwa ni madai. Kitu pekee kinachoweza kuvuka mpaka ni udanganyifu: ulikopa kwa hati ya nyumba ya kughushi au kwa kitambulisho cha mtu mwingine, ukashitakiwa na ukatiwa hatiani. Hapo haliitwi deni tena.

Nilishitakiwa mahakamani na benki ikashinda. Je?

Kesi ya madai haikufanyi mhalifu, hata kama mdai alifika mbali akaomba uwekwe ndani kama mfungwa wa madai, kifungo ambacho sheria inakiwekea ukomo wa miezi 6. Ila uamuzi wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa wazi kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, na mtu akiandika jina lako kamili kwenye intaneti unaweza kutokea. Liandike mwenyewe uone kinachotoka. Kesi za mahakama za mwanzo kwa kawaida hazimo. Kama umo, usikane ukiulizwa, kwa sababu anayekuuliza huenda ameshasoma.

Fomu ina swali: "Je, umewahi kushindwa kulipa mkopo?" Nijaze nini?

Ukweli. Najua jibu hili linaudhi, kwa hiyo ngoja nieleze sababu zisizohusiana na maadili.

Miezi 6 ya kwanza kazini, vifungu vya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini vinavyomlinda mtu dhidi ya kuachishwa isivyo haki havikuhusu. Ni muda huo huo ambao majibu ya ukaguzi yanaendelea kurudi ofisini, moja leo, jingine mwezi ujao. Ukiwa umeandika "hapana" na karatasi ikaja inasema "ndiyo", mwajiri hana haja hata ya kujadili deni. Na baada ya miezi hiyo pia hujapona, kwa sababu udanganyifu mkubwa umetajwa wazi kwenye kanuni za mwaka 2007 kama kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Deni lenyewe halimo kwenye orodha hiyo. Yaani umechukua kitu kisichofukuzisha ukakigeuza kuwa kinachofukuzisha.

Kuna kijana mmoja alinirudishia fomu, na kisanduku cha swali hilo kilikuwa kama buibui kakanyagwa. Alitia alama ya hapana, akaikata, akatia ya ndiyo, akaikata, akarudia. Nilimpa fomu nyingine safi nikatoka nje kunywa chai. Niliporudi ameandika mistari miwili: "Mkopo wa gari la kubebea watalii, 2020. Watalii walikoma kwa corona, nikasimama kulipa miezi 9. Nilimaliza Machi 2022, barua ya benki nimeambatanisha." Mwaka, sababu, mwisho, ushahidi. Bosi wangu aliisoma, akauliza kama kijana anajua Excel.

Kama fomu haina swali hilo, usijitolee. Hujaombwa.

Wakiniuliza ana kwa ana niseme vipi?

Fupi kuliko unavyofikiri. Watu wakiwa na aibu huongea sana: wanaanza na ugonjwa wa mama, wanapita kwa mjomba aliyewadhulumu, wanafika kwenye riba, na kila sentensi inafungua swali jipya. Sema kiasi kama unaulizwa kiasi, sema kilichotokea kwa sentensi moja, sema ulipofikia sasa. "Duka liliungua, nilibakiwa na deni la milioni tatu, nalipa laki na nusu kila mwezi, imebaki laki nane." Halafu nyamaza. Ukimya unaofuata utakuumiza wewe peke yako. Wao wanaandika tu.

Kama bado hujaanza kulipa, nenda benki kabla ya usaili ukaombe mpango mpya wa malipo, hata mdogo, na uombe wakuandikie. Karatasi moja yenye mhuri inabeba uzito kuliko maelezo ya nusu saa.

Nilimdhamini shemeji na hakulipa. Hilo ni deni langu?

Kwa benki, ndiyo, mdhamini hufuatwa mkopaji akishindwa. Lieleze hivyo hivyo kwenye fomu: ulidhamini, hukukopa. Huwa nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba kwenye CV tunaandika "wadhamini" watatu na kila mtu anakubali kwa moyo mweupe. Shemeji alikuja na neno hilo hilo.

Ripoti yangu ina deni nililolilipa zamani, au lisilo langu kabisa.

Hutokea, hasa majina yakifanana au benki ikichelewa kupeleka taarifa mpya. Anza kwa aliyekopesha, maana yeye ndiye anayelisha kanzidata. Mpe risiti, omba barua ya kumaliza deni, kisha peleka nakala kwa kampuni iliyotoa ripoti na uombe irekebishwe. Fanya hivyo kabla hujaanza kuomba kazi za benki, siyo wiki ya usaili. Na ujue kwamba deni lililochelewa likalipwa halitoweki siku unayolipa, ila hali yake inabadilika na kusomeka limelipwa, na msomaji yeyote makini anatofautisha.

Mwajiri ana haki ya kuninyima kazi kwa sababu ya deni?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na mwombaji kazi naye amehesabiwa humo. Orodha yake inataja kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, hali ya maisha na mengine. Deni kwa jina lake halimo. Unaweza kujenga hoja kwamba kumkataa mfagizi kwa sababu ya mkopo wa simu ni kumbagua kwa hali yake ya maisha, na mimi ningependa kuona mtu akiisimamia hoja hiyo. Kwa mhasibu wa benki hoja ingekuwa dhaifu, kwani mwajiri ataonyesha uhusiano wa deni na kazi. Malalamiko ya namna hii huanzia CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi muda wa kufungua ni siku 60. Omba sababu kwa maandishi mapema.

Nikope kwingine nilipe deni la zamani ili niwe msafi kabla ya usaili?

Usithubutu. Hasa siyo kausha damu kulipa benki.

Nikishawapa ridhaa, ripoti inaishia wapi?

Swali hili huulizwa na watu wachache kuliko yote, na ningependa liulizwe na kila mtu. Miaka ile ya Posta nilikuta ripoti ya mwombaji kwenye printa ya korido, ukurasa wa pili ukiwa juu, jina, benki na kiasi vinasomeka kutoka mlangoni. Dada wa usafi alikuwa ameisogeza pembeni isilowane. Mwenye ripoti alikuwa bado anasubiri mapokezi, chupa ya maji mkononi.

Una haki ya kuuliza nani ataisoma, itakaa wapi, na kama hukuajiriwa itateketezwa lini. Uliza kabla ya kusaini, kwa sauti ya kawaida, kama unavyouliza siku ya malipo. Ukipuuzwa au taarifa zako zikavuja, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024, na inapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Kwetu, baada ya siku ile ya printa, ripoti zinasomwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja tu, na zikichapwa zinakaa kwenye kabati la chuma lenye funguo mbili. Moja ninayo mimi, nyingine ipo kwa mkurugenzi, na bado kila Ijumaa jioni napita kwenye printa kuangalia.